Nkt! Kazi za Chuo Zina Wenyewe

Nkt! Tangazo la kazi za chuo kikuu limeingia tena kwenye simu za Ngomeni, na kama kawaida limeingia likiwa na mvi. Picha ya picha, herufi zimefifia, siku ya mwisho ya kupeleka maombi ni kesho saa kumi na moja jioni. Hapa hadi Gongoni ni bodaboda, Gongoni hadi Malindi matatu, Malindi hadi Kilifi kiliko chuo, matatu nyingine. Ukifika, karani yuafunga dirisha.

"Kazi hizo zina wenyewe," mvuvi mmoja akasema bila kuinua macho kwenye bao, na baraza zima likaitikia kama waitikiao dua.

Haya. Nusu yake ni kweli. Anayekunywa chai karibu na ofisi hujua nafasi itafunguliwa kabla tangazo halijaandikwa, na sisi wa huku kwenye chumvi twapata makombo ya habari. Lakini hebu tuulizane, jamani: ni kazi gani tunazozililia? Akija mheshimiwa kwenye mkutano akapaza sauti kwamba watoto wetu waajiriwe Pwani University, twapiga makofi mpaka viganja viwashe. Waajiriwe wapi? Langoni. Jikoni. Kwenye nyasi. Si kazi za aibu, zimesomesha watoto wengi. Ila sijamsikia hata mmoja akiuliza idara ya fizikia ina mhadhiri mzaliwa wa Magarini au haina.

Chuo chenyewe hakijaanguka kutoka mbinguni. Pale palikuwa na chuo cha kilimo, 2007 kikafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na 2013 kikapata hati yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2007 sasa ni mtu mzima. Muda wa kumlea mhadhiri mmoja kutoka kijijini ulikuwepo. Tuliutumia kugombania lango.

Na mlango wa mhadhiri una kizingiti kirefu. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo: anayetaka kuitwa mhadhiri awe na digrii ya uzamivu, PhD hiyo, na waliokuwa na uzamili pekee wakapewa miaka mitano kuitafuta. Makelele yalikuwa mengi. Sasa mtu wa Ngomeni aipate wapi, na karo ya uzamili tu yamaliza mashua na mashine yake? Hapo ndipo penye siri ambayo barazani hatuizungumzi. Vyuo vina cheo cha chini, cha mwalimu msaidizi anayefundisha huku akisoma kuelekea uzamivu. Hicho ndicho kitalu. Chuo chamchukua kijana hodari, chamlea, baada ya miaka kadhaa ni daktari, baada ya mingine yeye ndiye anayekaa kwenye jopo la kuhoji wenzake. Kelele zetu zingekuwa na akili, zingeelekea huko. Askari mmoja akistaafu, nafasi imekwisha. Profesa mmoja huvuta wengine.

"Huo si ukabila?" akauliza dereva wa tuktuk, na swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 yasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Tume ya utangamano ilipokwenda kuhesabu vichwa vyuoni, ikakuta vyuo vingi vya umma vimejaa watu wa kabila la eneo lile lile chuo kilipo. Kila mtu amekifanya chuo shamba la babu yake, kisha akienda kwa jirani alalamika amebaguliwa. Mzee mmoja hapa, mwalimu mstaafu, akasonya akauliza: hiyo theluthi, Mijikenda tisa tutahesabiwa kabila moja ama makabila tisa? Barabara kabisa, mzee. Na Mbajuni wa hapa ufuoni ahesabiwe na nani? Nilichomjibu ni kwamba theluthi yahesabu chuo kizima, mkata nyasi na profesa kwenye kapu moja. Tukilijaza kapu kwa walinzi, siku mtoto wetu akija na PhD yake ataambiwa: ninyi mumeshatosha.

Halafu karatasi, nkt! Cheti cha tabia njema, cheti cha ushuru, barua ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ya kuonyesha huna deni, kibali cha tume ya maadili, na cha ofisi ya kumbukumbu za mikopo. Vingine vyalipiwa, na mwombaji hana kazi ndiyo maana aomba! Wabunge walilirekebisha hilo 2022: mwajiri asimdai mwombaji vyeti hivyo mpaka awe amekusudia kumpa mkataba. Waulizeni vijana wangapi wajua. Bado wakopa kwa shangazi zao kununua cheti cha kuthibitisha kwamba hawana madeni.

Kinachoniuma zaidi ni hapa hapa. Tazameni baharini, zile nguzo za San Marco. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, Wataliano na Wamarekani walirusha setilaiti, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku yetu ya uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza miale ya eksirei angani tu. Aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa Nobel ya fizikia 2002 kwa elimu hiyo ya eksirei za angani. Setilaiti zilirushwa kuanzia 1967 hadi 1988, chini ya Chuo Kikuu cha Roma. Chuo kikuu kilituletea maabara hadi mlangoni kwetu! Na sisi tuliomba nini? Tuliomba ulinzi na upishi. Wazee wetu walikuwa na udhuru, shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Sisi je?

Sitadanganya kwamba huko ndani ni asali. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49, kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, wakidai shilingi bilioni 7.9 za malimbikizo. Na wale wa muda, wanaolipwa kwa somo, usiwaulize walilipwa lini. Kwa hivyo anayedhani PhD ni pesa, heri anunue nyavu.

Tuna kijana hapa ana digrii ya kemia, daraja la juu, ahesabu magunia ya chumvi. Alikuwa akilisoma tangazo kimya, kidole chake kimesimama kwenye nafasi ile ya mwalimu msaidizi. Mzee wa bao akamwona.

"Wewe omba ile ya udereva, mjukuu wangu. Hiyo utaipata."

"Sina leseni, babu."

"Leseni yapatikana Malindi."