Shahidi ni Mlango wa Choo

(Kijiwe cha wastaafu, Singida mjini, upande wa Ziwa Singidani. Saa kumi na moja alfajiri. Bao limelala juu ya benchi. Chuma, yaani bomba lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande, kimeegemea jabali. Mlango wa choo, wa bati, unapigwapigwa na upepo.)

CHUMA: Shikamoo, Mzee Bao.

BAO: Marahaba. Nasikia jana walikuinua.

CHUMA: Waliniinua mara nane, wakapiga picha arobaini.

BAO: Ndio wanaume wangu hao. Miaka kumi na tisa nimewalea hapa, sikumtegua mtu nyonga. Wewe umekuja juzijuzi tu, kijiwe kizima kinanuka dawa ya kuchua.

CHUMA: Kosa si langu, mzee. Mwenyekiti alimwona katibu kaniinua, naye akataka kuniinua na mjukuu juu. Na kabla ya hapo nilikaa wiki tatu siguswi, wanaandika katiba. Wakachagua mweka hazina, wakachapisha fulana, wakabishana mgeni rasmi awe nani. Pushapu ya kwanza ilipigwa wiki ya nne. Ilikuwa moja.

BAO: Sasa wanahangaika nini? Mkoa huu umeshamtoa Simbu wa Ikungi. Septemba 2025, Tokyo, dhahabu ya marathoni ya dunia! Saa 2, dakika 9, sekunde 48. Na Mjerumani Petros ana muda huohuo, wakatenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Hapa watu walishangilia mpaka sauti zikakauka.

MLANGO: Walishangilia wamekaa. Halafu walipokuja kwangu mmoja mmoja, kila mmoja alinivuta.

BAO: Mama Mlango, mambo ya chooni hayasemwi mbele za watu.

MLANGO: Watu wako wapi? Nyie ni ubao na zege. Kwako, Mzee Bao, wanatambiana. Kwangu mtu anachuchumaa peke yake. Kushuka si kazi, kazi ni kuinuka. Kwanza kimya. Kisha pumzi ndefu, "Mungu wangu." Kisha vidole vinne vinakuja ukingoni, hapa bati lilipong'aa. Yule mwalimu mstaafu mwaka juzi alinivuta kwa mkono mmoja. Mwaka jana miwili. Masika haya akaning'oa bawaba ya juu. Akatoka, mkanda kaufunga vizuri, akamwambia fundi upepo wa Singida umezidi.

BAO: Upepo wa Singida kweli ni mkali.

MLANGO: Haujawahi kuning'oa kwa ndani.

CHUMA: Mtu akipita miaka 30 misuli huanza kupungua, asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na akivuka 60 kasi inaongezeka. Shirika la Afya Duniani linataka mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na wenye miaka 65 kwenda mbele wafanye pia mazoezi ya mwili usipepesuke, angalau siku 3. Halikudai kilo mia. Kuinuka kitini bila kushika kitu, ukakaa, ukainuka tena, nako ni kazi ya misuli.

BAO: Samaki mkunje angali mbichi. Hawa wameshakauka.

CHUMA: Kule Boston, utafiti wa 1990, wazee kumi waliokuwa wakitunzwa kituoni walipewa vyuma kwa wiki 8. Wastani wa umri wao miaka 90. Nguvu za miguu zikakaribia mara tatu. Hao ni ng'onda kabisa, mzee.

BAO: Basi kila mtu akafanyie kwake, aniachie watu wangu.

CHUMA: Walijaribu. Yule mjeshi mstaafu alinichukua. Siku kumi na moja nilikuwa kizuizi cha banda la kuku. Kuku wenyewe wakapanda basi la Dar, yeye akabaki na mlenda, halafu ananilaumu misuli haionekani! Akanirudisha usiku. Hapa hana pa kukwepea: asipofika Jumanne, Ijumaa analipa faini ya soda, na utani juu yake. Mwaka 2016 Samia, enzi hizo Makamu wa Rais, aliwataka Watanzania wafanye mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Mtu akiwa peke yake, Jumamosi hiyo inampita amelala. Soda ya watu haisahauliki.

BAO: Faini hiyo wameiiba kwangu. Aliyefungwa ananunua kahawa.

CHUMA: Basi tugawane. Mimi nusu saa, asubuhi iliyobaki yako.

BAO: Jana kete zilikuwa zinawatetemeka mikononi.

CHUMA: Samahani, mzee.

BAO: Lakini walikuwepo wote. Hata mwalimu. Tangu amzike mkewe alikuwa anatazama mchezo mmoja, anaondoka. Jana alikaa mpaka adhuhuri akituonyesha alivyochuchumaa.

(Nyayo. Mwalimu anapita na kopo la maji, anajifungia. Kimya. Kimya kirefu. Pumzi. Bati linalia kidogo. Mwalimu anatoka, anakitazama Chuma kama mtu anayemdai, anaenda zake.)

BAO: Enhe?

CHUMA: Si mambo ya chooni hayasemwi?

BAO: Nyamaza wewe. Mama Mlango, vidole vingapi?

MLANGO: Viwili. Na kimoja kilikuwa cha komeo.