Sifa za Springi ya Kabureta

Springi ya kabureta haibebi mzigo, haichomi petroli wala haizungushi tairi. Kazi yake yote ni kukaidi mkono wa dereva. Hukaa juu ya pistoni ndogo ya kabureta. Waya wa mafuta ukivuta pistoni juu, springi huisukuma irudi chini. Ikilegea, moto kuukuu kama Yamaha AG100 huingia kwenye kona ikinguruma kwa bidii ambayo hakuna aliyeiomba.

Kabimba, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika kusini mwa Kalemie, ni mji wa chokaa na saruji, na vumbi halichagui koo la kuingia. Likiikwamisha pistoni, lawama huangukia resori, kama springi inavyoitwa huko. Nayo huipokea kimya, ungwana ambao mafundi wengi hawana. Kwa hiyo pistoni husafishwa kwanza, ndipo springi ipimwe.

Urefu wake peke yake ni shahidi wa uongo: springi ikivutwa kwa vidole huwa ndefu, lakini ugumu haubadiliki. Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alitangaza kwamba nguvu ya springi hulingana na kiasi ilichovutwa au kubanwa. Basi springi husimamishwa juu ya mizani ya kupimia unga, ikabanwa hadi sentimita 5 kwenye rula, na gramu zikasomwa. Springi ya pili, ya kulinganishwa nayo, hubanwa hadi hapohapo. Mizani ikikosekana, springi mbili za urefu mmoja huvishwa kwenye spoku ya baiskeli na washa katikati, kisha hubanwa toka ncha zote mbili. Washa husogea upande wa springi dhaifu. Moto yenye kabureta mbili haisamehe tofauti hiyo.

Unene wa waya ndio siri kubwa: ukipungua kwa asilimia 10, ugumu hushuka kwa takriban asilimia 34, na ndiyo maana springi ya kalamu haifai kitu hapa. Anayekata mizunguko 2 kati ya 20 akidhani anailegeza, huipata imekuwa ngumu zaidi kwa asilimia 11. Ujeuri wa aina hii ni nadra hata kwa punda.

Kifuniko cha kabureta kikifunguliwa bila uangalifu, springi huruka. Hutafutwa mchangani kwa sumaku ya spika mbovu, fundi akiwa amepiga magoti.