Barua ya wazi kwa waandishi wa mwongozo wa programu ya nota

Waheshimiwa mabwana na mabibi,

Salamu kutoka Kisangani. Sisi walimu wa korali tunawashukuru kwa programu yenu, inayochora nota safi kuliko padri yeyote aliyewahi kutufundisha ubaoni. Tuna shida ndogo tu, nayo ni kitufe cha Msaada.

Ukikibonyeza, unaambiwa uingie kwenye intaneti. Unataka kushikilia silabi moja juu ya nota tatu? Ingia kwenye intaneti. Unataka kiitikio kijirudie bila kukiandika upya? Ingia kwenye intaneti. Mega za intaneti tunanunua kidogo kidogo, nazo zinamalizwa na picha ya kijana anayetabasamu mbele ya piano nyeupe. Kisha umeme unakatika. Mji una bwawa lake la Tshopo na bado tunaandika kwa mshumaa. Hilo halikutoka kwenu, tunakiri.

Basi tunaomba, kwa unyenyekevu, mtuletee mwongozo wenye nyama na damu. Mchagueni yule aliyeandika sura ya “Kuanza kwa haraka”. Apande boti Kinshasa, apande nayo mto zaidi ya kilomita 1,700, katikati ya mbuzi na madumu ya mafuta. Bandarini atapokelewa kwa toleka, baiskeli yetu ya teksi. Tutamkalisha kwenye benchi kati ya tenori na besi, na kwenye paji la uso tutamwandika F1, kama kitufe cha Msaada. Mwalimu akikwama atambonyeza taratibu, naye atajibu hapo hapo, mvua inyeshe isinyeshe, bila kuuliza kwanza kama tunakubali vidakuzi. Chakula ni lituma ya ndizi na samaki, hatalala njaa. Akigoma, tutamzima na kumwasha tena, kama anavyotushauri yeye. Akianza habari za klarineti ya si bemoli, soprano wana ruhusa ya kumfunika kwa wimbo.

Mengine ni madogo. Futeni “bonyeza tu”. Ukurasa wa Kifaransa usigeuke Kiingereza katikati. Na solfa, zile d, r, m zenye nukta mbili alizozieneza John Curwen huko Uingereza karne ya 19, ipeni walau aya moja. Waimbaji wetu wanasoma hizo. Tunazipachika kama maneno ya wimbo, halafu tunazisogeza moja moja zisigongane.

Kusema kweli, mnatudharau. Mmemwandikia mtu mwenye piano sebuleni, mkamwita dunia nzima. Roma, isiyosifika kwa haraka, iliidhinisha Misale ya majimbo ya Zaire mwaka 1988, na ngoma zetu zikafika altareni kwa baraka zake. Kwenye faharasa yenu hazijafika. Hapo Yakusu, ukishuka mto kidogo, mmisionari John Carrington alijifunza lokole, ngoma inayosema ya Walokele, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1949. Mpiga lokole ana sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kwa hiyo kila neno hulivalisha sentensi nzima ili msikilizaji wa mbali asipotee. Ninyi mna alfabeti, picha na video, na bado tumepotea!

Mtuwie radhi. Tunarudi kwenye adabu.

Boti za kupanda mto hazina ratiba ya kuaminika, hivyo mjumbe aanze safari mapema. Akikosekana wa kukubali, wekeni mwongozo wote ndani ya programu, usomeke bila intaneti. Faili moja la PDF linatosha.

Wenu katika wimbo,
Walimu wa korali, Kisangani