Usiingie Duara la Mwenzako: Namna ya Kuigawia Kwaya Wimbo wa Mazoezi

Nenda Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, ushike kiroba kimoja cha mawe kilichoegemezwa pembeni ya duara, yaani shimo la dhahabu, ukitupie begani na kuanza kutembea. Kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe hayo, hutafika. Kabla ya hatua ya kumi watakuwa wamekuzunguka watu wanne wakiuliza swali moja: mwenye shamba, mwenye leseni, mwenye duara, na mchimbaji aliyekuwa chini ya ardhi tangu alfajiri. Kila mmoja ana mgawo wake ndani ya kiroba hicho, na hahitaji kukumbushwa.

Jioni ya siku hiyohiyo wachimbaji walewale wameshaoga, wamevaa mashati safi, wako kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mpiga kinanda anachomoa flashi mfukoni. Katibu anaipokea kama sadaka, anahamishia wimbo kwenye simu yake, anautuma kwenye grupu la WhatsApp. Ikifika saa mbili usiku, rekodi ya watu imeshakaa kwenye simu 40, na hakuna aliyeuliza mgawo wa nani uko wapi.

Mimi ni mwimba besi, na katika kwaya zetu za Shinyanga na Geita nimeuona mchezo huu kwa miaka mingi. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya, katibu wake na huyo bwana wa flashi. Nitawatania, kwa sababu Usukumani mtu humtania anayempenda, lakini kila hatua hapa naimaanisha.

Hatua ya 1: Jua kiroba ni cha nani

Wimbo uliorekodiwa una wenyewe wengi, kama duara. Kuna aliyetunga maneno na aliyetunga sauti. Pengine ni mtu mmoja, pengine wawili. Kuna waimbaji na wapiga vyombo. Kuna aliyegharamia rekodi ikatoka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inawatambua wote. Haki ya mtunzi ndiyo hakimiliki. Haki ya waimbaji na mtayarishaji wa rekodi ndiyo hakishiriki. Kwa hiyo ukituma faili moja kwenye grupu umegusa migao miwili kwa kidole kimoja: wimbo wenyewe, na ile rekodi.

Hatua ya 2: Acha kumtanguliza Mungu kama mdhamini

Hoja ya kwanza utakayoisikia ni kwamba wimbo ni wa Bwana, basi hauna mwenyewe. Mjibu msemaji kwa upole: dhahabu nayo ni ya Bwana, na bado wewe jana ulitaka kupigana kwa ajili ya mfuko mmoja. Bwana huyohuyo ndiye aliyeamuru tusiibe, na hakuiacha studio nje ya amri hiyo.

Hoja ya pili ni kwamba hatuuzi, tunajifunza tu. Hii ina uzito zaidi, kwa hiyo ijibu kwa uangalifu. Sheria yetu, kwa mipaka yake, inamruhusu mtu kujinakilia kazi iliyochapishwa kihalali kwa matumizi yake binafsi. Mtu mmoja, kwa ajili yake mwenyewe. Kwaya ya watu 40, yenye mwenyekiti, mhazini, sare mbili na safari ya Mwanza kila mwaka, haiwezi kujificha ndani ya neno binafsi.

Wala usidhani ni sisi tu tulioteleza hapa. Mwaka 1984, huko Chicago, baraza la wazee wa mahakama liliamua jimbo kuu la Kikatoliki lilipe zaidi ya dola milioni 3 katika kesi iliyofunguliwa na mchapishaji wa nyimbo za ibada kwa sababu ya nakala zilizotengenezwa bila ruhusa. Sehemu ya uamuzi huo ilibadilishwa baadaye kwenye rufaa, lakini makanisa ya Marekani yalikuwa yameshashtuka. Mwaka 1988 ikaanza kampuni ya CCLI, ambayo kanisa huilipa ada ya mwaka na kupata ruhusa ya nyimbo nyingi kwa pamoja. Leo ina hata leseni ya mazoezi, ya kuwagawia waimbaji rekodi zilizoko sokoni. Leseni hiyo hufunika nyimbo za wachapishaji waliojiunga nayo. Wimbo wa kwaya ya jirani yako hapa Masumbwe unaombewa ruhusa hapahapa Masumbwe.

Hatua ya 3: Anza na nyimbo ambazo wenyewe wameshapumzika

Kwa sheria yetu haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Chukua Ni Salama Rohoni Mwangu. Horatio Spafford, aliyeandika maneno yake ya Kiingereza, alifariki mwaka 1888. Philip Bliss, aliyetunga sauti, alifariki mwaka 1876. Hao hawakudai chochote.

Lakini usikimbie na kiroba bado. How Great Thou Art ilianza kama shairi la Kiswidi la Carl Boberg la mwaka 1885, naye alifariki mwaka 1940. Maneno ya Kiingereza tunayoyajua ni ya Stuart Hine, aliyefariki mwaka 1989. Piga hesabu kwa miaka yetu 50, utaona kazi ya Hine inalindwa hadi mwaka 2039. Wimbo mmoja, hesabu mbili. Tafsiri ya Kiswahili nayo ni jasho la mtu, kwa hiyo fungua kurasa za mbele za kitabu cha tenzi uone nani aliyekitoa na lini. Na kwaya iliyorekodi tenzi ya kale mwaka jana ina haki juu ya rekodi yake ya mwaka jana, hata kama mtunzi alizikwa kabla babu yako hajazaliwa.

Hatua ya 4: Tuma linki, faili iache kwao

Kama kwaya imeweka wimbo wake YouTube, Boomplay au Audiomack, chukua linki uibandike kwenye grupu. Kila mwimbaji atausikiliza palepale wenyewe walipouweka, na kila usikilizaji utahesabika kwao. Hujanakili kitu, umeonyesha njia.

Najua utaniambia habari ya bando. Mchimbaji wa Mgusu hawezi kumaliza bando lake kwa kurudia kipande cha sauti ya tatu mara 30. Ni kweli, na ndiyo maana kwaya ina mhazini. Changishaneni. Wimbo ukiwa unauzwa, mnunulieni kila mwimbaji nakala yake, kama mnavyomnunulia kila mmoja kitambaa cha sare. Sijawahi kuona kwaya ikinunua gauni moja na kulipitisha kwa Bluetooth.

Hatua ya 5: Omba. Namba umeandikiwa.

Hapa ndipo sisi tuna bahati kuliko watu wa Chicago. Tazama jalada la CD ya kwaya yoyote ya kwetu, au maelezo yaliyo chini ya video yake: kwa kawaida kuna namba ya simu. Mara nyingi ni ya mwenyekiti au mwalimu mwenyewe. Mwenye haki amejitaja na anasubiri kupigiwa. Kundi la Zabron Singers, waliosikika mbali sana kwa wimbo Mkono wa Bwana, ni watu wa Kahama. Ni majirani zetu. Kutoka Shinyanga mjini unapanda basi asubuhi na unarudi kulala nyumbani.

Usipige simu ukianza na shida zako. Salimia, jitambulishe, taja wimbo, taja idadi ya watu, sema utaufanyia nini na hadi lini. Andika hivi:

“Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Mimi ni katibu wa kwaya ya vijana, Katoro. Tuko waimbaji 38. Tunaomba ruhusa ya kugawiana rekodi ya wimbo wenu, ndani ya grupu letu tu, kwa ajili ya mazoezi, hadi mwisho wa mwezi ujao. Hatutauza wala kuirusha kwingine, na siku ya kuimba tutataja jina la mtunzi. Kama kuna mchango unaohitajika, tuambieni.”

Hakikisha anayekujibu ndiye mwenye haki au ametumwa na wenye haki. Jibu likija, lihifadhi, maana makatibu hubadilika na simu huanguka kwenye duara. Likiwa ni hapana, heshimu, kachague wimbo mwingine. Likiwa ni ndiyo, jibu “wabeja”, asante yetu ya Kisukuma, na utekeleze ulichoahidi. Mkikosa wa kumuuliza, COSOTA ndiyo ofisi ya serikali inayosimamia hakimiliki na kusajili kazi, waulizeni.

Hatua ya 6: Mwalimu, tumia koo lako

Kwa mazoezi, rekodi iliyopikwa studio si mwalimu mzuri. Kinanda kimefunika sauti ya pili, ngoma imemeza besi, na mwimbaji wangu wa pembeni hujifunza madoido ya kiongozi badala ya kipande chake. Mwalimu ajifungie chumbani, aimbe vipande vinne kimoja kimoja kwenye simu, kila kundi lipewe chake. Ruhusa ya mtunzi bado inahitajika kama wimbo unalindwa, lakini mgawo wa waliorekodi hujaugusa. Kwa tenzi iliyokwisha muda wake, tafsiri yake ya Kiswahili ikiwemo, huhitaji kumuuliza yeyote. Na besi, hatimaye, tutajua tunaimba nini.

Hatua ya 7: Funga mlango wa grupu

Ruhusa ya watu 38 ni ya watu 38. Haimhusu shemeji, haiendi kwenye status, wala haipelekwi kibandani kwa kijana anayeweka nyimbo kwenye memori kadi za abiria. Mkimaliza kujifunza, futeni. Jumapili mtakayoimba, semeni wimbo ni wa nani. Manju wa ngoma za Kisukuma hulitia jina lake ndani ya wimbo ili usije ukapotea njiani. Mtunzi wa kanisani aliyeona haya kufanya hivyo, mfanyieni ninyi.

Hatua ya 8: Zungushieni duara lenu uzio

Mwisho, angalieni kwenu. Nani ametunga nyimbo mnazoimba? Mwalimu akihamia Runzewe anaondoka nazo, au zinabaki? Andikeni makubaliano angali anacheka nanyi, kwa sababu nimeona kwaya ikigawanyika kwa wimbo mmoja ambao hakuna aliyeuandikia hata mstari wa karatasi. Kubalianeni na studio kwa maandishi. Sajilini kazi zenu.

Halafu mkirekodi, wekeni namba ya simu kwenye jalada, inayopatikana. Siku moja katibu wa kwaya ya Ushirombo atapiga, atasalimia, atataja wimbo wenu na idadi ya waimbaji wake, aombe ruhusa ya kujifunza. Mtajua siku hiyo kwamba mtu amekuta kiroba chenu pembeni ya duara, akasimama, akaita wenyewe. Pokeeni simu hiyo.