Mwongozo kwa Mwenye Bomba la Shaba Lililoota Kijani

Kwanza kabisa, weka msasa chini. Najua mkono unakuwasha, na wageni wanakuja Jumamosi.

Hapa Lushoto ni mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukungu wake huingia bila hodi. Shaba ikipata unyevu, oksijeni na kaboni dioksaidi, huvaa kijani. Kijani kikavu, chembamba, kilichotandaa sawasawa, kiache: ni ngozi inayoikinga shaba iliyo chini yake. Sanamu ya Uhuru ya New York ilizinduliwa mwaka 1886 ikiwa na rangi ya shaba. Leo ni kijani kitupu, na hakuna anayeikimbilia na siki.

Kijani cha kukukosesha usingizi ni kile kilichovimba kwenye maungio. Kausha hapo, zungushia karatasi ya chooni, kalale. Asubuhi ikiwa imelowa, maji yanavuja. Sasa ndipo atakapotokea bingwa wa mtaa na kipande cha tyubu ya baiskeli, na mwenzake na kopo la rangi ya fedha. Wape chai, waage. Tyubu huficha unyevu na rangi huficha ushahidi. Shaba inaendelea kuliwa. Funga koki kuu, mwite fundi anayejua kulehemu. Afungue ungio, alisafishe hadi ling'ae, atumie lehemu isiyo na risasi, kisha afute kabisa dawa ya kulehemia, maana mabaki yake ndiyo yanayorudisha kijani upya.

Ukitaka tu bomba lipendeze, nusu ya limau na chumvi vinatosha: sugua, suuza, kausha. Usichanganye na dawa ya klorini hata kidogo. Hewa inayotoka hapo ni sumu.

Halafu chungulia sinki. Doa la kijani-bluu chini ya koki maana yake bomba linaliwa kwa ndani, jambo ambalo maji laini yenye asidi hulifanya taratibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa hiyo maji yaliyolala bombani usiku kucha yakinge kwenye ndoo, upigie deki. Uji wa mtoto usiupikie maji ya moto ya bombani. Kinga ya baridi, uchemshe.

Na fundi akitaka kuunga shaba moja kwa moja na bomba la chuma, mkatalie. Palipo na maji, chuma kitaoza upesi. Aweke kiungo cha plastiki katikati.