Heko, Sponji la Sufuria!

Katika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, barabara ya kutoka Palma kwenda Nangade kupitia Pundanhar haina lami. Kiangazi ina mchanga wa kuzamisha tairi. Mvua zikianza, ina matope ya kuzamisha subira ya dereva. Gari lililoondoka Palma jeupe hufika Pundanhar likiwa na rangi ya barabara. Hapo ndipo anapoitwa kuliosha shujaa wa makala haya, sponji la kusugulia sufuria: lile dogo la mstatili, upande mmoja wa njano na laini, upande wa pili wa kijani na mkali. Lipo dukani pembeni ya sabuni ya unga. Halili, halilali, halidai posho. Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata punda amepata watetezi wake. Sponji hadi leo halijapata wa kulisemea.

Fadhila yake kuu ni sanaa. Upande wa kusini-magharibi ziko nyanda za juu za Mueda, kwa Wamakonde, ambao vinyago vyao vinajulikana duniani kote. Lakini Mmakonde anahitaji gogo la mpingo, patasi, na siku za kukaa chini kivulini. Sponji linahitaji boneti tu, pamoja na kijana mwenye misuli na haraka. Kazi ikiisha, itazamwe boneti hiyo jua likiwa utosini: duara ndani ya duara, zote zimelizunguka jua. Kusema kweli mikwaruzo yenyewe haikuchorwa duara, imekwenda ovyo kila upande. Ila mikwaruzo inayokaa mkingamo na mwanga ndiyo inayoutupa machoni, na jicho likaiunganisha kuwa duara. Mtazamaji akisogea hatua mbili, duara nazo husogea. Ni mchongaji gani wa Mueda aliyewahi kuchonga kinyago kinachomfuata mteja?

Na kijana huyo aangaliwe anachongea wapi. Rangi ya gari la kisasa humaliziwa kwa tabaka la vanishi lisilo na rangi, lenye unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina kama 100. Kuchonga ndani ya nusu ya unene wa karatasi, kwa macho matupu, huku redio inaimba na mwenye gari anauliza kama bado, si kipaji cha kila mtu. Zana nayo ni ya kifalme. Nyuzi za upande wa kijani hugandishwa chembe ngumu, mara nyingi oksidi ya alumini, ambayo katika kipimo cha ugumu alichobuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812 hupata 9 kati ya 10. Almasi ndiyo yenye 10. Mchanga wa kwatzi una 7, kwa hiyo ule ulionaswa kwenye sponji baada ya kudondoka chini hufanya kazi ya msaidizi wa fundi, bila ujira.

Fadhila nyingine zipo, zipitwe haraka. Sponji humwondolea mwenye gari hofu ya mkwaruzo wa kwanza. Hung'oa stika ya mwaka jana pamoja na kilichokuwa chini yake. Hupunguza bei ya gari, hivyo humkinga mwenyewe na kishawishi cha kuliuza. Binamu yake, stili waya, huacha vipande vyembamba vya chuma kwenye rangi. Gari likirudi pwani kwenye hewa ya chumvi, vipande hivyo hushika kutu na kuchanua vidoadoa vya rangi ya chungwa.

Kisha kuna taa. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji wengi wameacha kioo na kutumia plastiki ya polikaboneti, ambayo ni laini na hupakwa utando mwembamba wa kuikinga na jua. Sponji huuondoa utando huo kwa bidii ya kupigiwa mfano. Plastiki iliyobaki uchi hufifia, huwa ya njano, na usiku mwanga hutawanyika kabla haujafika mbali. Dereva haoni, anapunguza mwendo, mbuzi wanasalimika. Land Cruiser za zamani, zenye taa za kioo, zimenyimwa baraka hii.

Lakini hapana. Gari la abiria lenye taa zilizosuguliwa hivyo, kwenye njia isiyo na taa hata moja ya barabarani, ni hatari, na hakuna nakshi ya maneno inayoweza kulipamba. Mtu anayetembea kwa miguu usiku si mbuzi wa mzaha.

Wala haifai kumgeukia kijana mwenye ndoo. Sponji nalo halina kosa. Linafanya kazi liliyozaliwa kuifanya. Kwenye gereji za rangi, mafundi hutumia pedi za ukoo huohuo, za kijivu na za rangi ya damu ya mzee, kukwaruza rangi ya zamani ili mpya ishike. Kijana wa Pundanhar huliandaa gari kikamilifu kwa kupakwa rangi upya. Anayekosekana ni mwenye rangi.

Magari mengi yanayopita kwake ni mitumba ya Japani. Msumbiji, ingawa ilitawaliwa na Ureno, huendesha upande wa kushoto kama majirani zake, hivyo mitumba hiyo haihitaji kuhamishwa usukani. Mengine ni ya ofisi. Tangu vita vilipoanza Cabo Delgado mwaka 2017, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, magari meupe ya misaada na miradi yamezoeleka mkoani. Gari la namna hiyo lina bajeti ya mafuta, bajeti ya redio ya mawasiliano, bajeti ya nembo ya mlangoni. Bajeti ya kuoshwa ni neno moja la mkuu: ling'ae kabla ya mkutano. Maji ni ndoo moja, iliyobebwa kichwani na mwanamke kutoka kisimani, na mara nyingine nembo yenyewe ni ya mradi wa maji. Kwa ndoo moja mchanga hausuuzwi, husuguliwa. Maelekezo ya kwenye pakiti ya sponji, kama yapo, ni ya Kiingereza au Kichina, mbele ya kijana anayezungumza Kimakonde, Kimwani na Kiswahili na aliyefundishwa Kireno shuleni. Mkutano ukiisha, mkuu huyohuyo huzunguka gari, huona duara za jua, kisha humwuliza dereva nani kaliharibu gari la ofisi.

Basi ofisi zinazotuma magari Pundanhar zinaombwa kuongeza mstari mmoja kwenye fomu ya safari: ndoo mbili, shampuu ya magari, kitambaa laini cha mikrofaiba, na malipo ya aliyechota maji. Zikishindwa, gari lirudi na vumbi lake, na dereva asikatwe mshahara.