Muziki wa mahesabu: sita bora, ruhusa ya kubisha ipo

Ulikimbia hesabu shuleni ukajificha kwenye muziki? Pole, zilikufuata. Wako watunzi waliowawekea wapiga fidla watatu wanne hesabu tupu, na nimewapanga hapa kwa uadilifu mkubwa na upendeleo mkubwa zaidi.

6. Alois Hába, kwarteti ya pili (1920). Mcheki huyu aliikata nusu toni katikati, oktava ikawa na sauti 24. Msikilizaji wa taarabu Unguja, aliyelelewa na ganuni na udi, atauliza: haya, na jipya lipi? Hukumu: umechelewa bwana, ila karibu ukae.

5. Ngazi ya Bohlen-Pierce. Oktava ni mtetemo mara mbili. Bohlen na Pierce wakasema mara tatu, kisha wakakata vipande 13. Klarineti ikashangilia, maana ukiipuliza kwa kuikaza hairuki oktava, inarukia hapo hapo kwenye tatu. Sisi wengine ni kama tumepanda daladala inayopita kituo chetu kila mara bila kusimama.

4. Ben Johnston, kwarteti ya saba (1984). Alijifunza kwa Harry Partch, Mmarekani aliyeigawa oktava mara 43 hadi akalazimika kuunda ala zake mwenyewe. Mwanafunzi akaona 43 ni uchoyo: humu mna sauti tofauti zaidi ya 1,200. Rekodi ya Kepler Quartet ilitoka 2016. Miaka 32 ya kusubiri! Fundi cherehani wako na gauni la Idi, msamehe.

3. Olivier Messiaen, Kwarteti ya Mwisho wa Nyakati. Ilipigwa mara ya kwanza 15 Januari 1941, kambi ya mateka wa vita, Görlitz. Mwanzoni piano inazungusha vipigo 17 juu ya akodi 29. Zidisha: hazianzi tena pamoja mpaka hatua ya 493, na kipande kinaisha mapema. Hukumu: miadi ya kwanza duniani iliyovunjwa kwa makusudi ikapendeza.

2. Alban Berg, Lyric Suite (1926). Sogea, huu ni umbea. Hadharani alimtunukia mtunzi mwenzake Zemlinsky. Chini kwa chini, 23 ni yeye, 10 ni Hanna Fuchs, mke wa mtu (na Berg naye ana mke nyumbani). Vipimo na kasi vinarudi rudi kwenye namba hizo, na herufi za majina yao zimefumwa kama noti. Siri ilidumu hadi 1977, mchambuzi wa muziki George Perle alipoonyeshwa nakala yenye maelezo ya mkono wa Berg. Wewe unafuta meseji. Mwenzio aliificha kwenye selo.

1. George Crumb, Black Angels. Fidla zimeunganishwa umeme, glasi zenye maji zinapigwa kwa upinde, kuna upatu wa kugongwa, na kila kitu kinazunguka 13 na 7. Sehemu ni 13. Tarehe aliyoiandika kwenye nota: Ijumaa, 13 Machi 1970, wakati wa vita, naye alimaanisha Vietnam. Halafu wapigaji wanafungua midomo na kuhesabu: Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihangaria, Kijapani na, kaa vizuri, Kiswahili.

Ndiyo, nimependelea. Hesabu kwanza mpaka kumi na tatu, hasira zikishuka tubishane.